Jeni Niliyoipeleka Shambani kwa Trekta

Hata leo nikipita kijijini kwetu Getanuwas nikasikia kicheko nyuma yangu, najua wanacheka ile jeni. Na mimi si mtu wa kuchekwa: shule niliishia darasa la tatu, lakini biashara ilipoachiwa huria nikatoka kuchunga mbuzi hadi kumiliki mashine mbili za kusaga na trekta, mpaka wananiita Bwana Mashine (jina nalipenda, sikatai).

Mwaka ule, mkoa wetu wa Manyara bado mchanga, viwavijeshi walikula mahindi ya kila mtu, wakawa wanaingia shamba la jirani yangu Mama Theresia, mjane, ambaye hana kingine. Akaja mtaalamu wa kilimo, binti mdogo, akanipa shikamoo yangu, akakuta pembeni mwa shamba langu viwavi wagonjwa wamening'inia vichwa chini. Akazungushia kamba. Akasema wana virusi vinavyoua viwavi, kesho tuwaokote, tuwasage, tuchanganye na maji, tumpulizie Mama Theresia shamba lake.

"Virusi vya jamii hii vyote vina jeni moja isiyobadilika," akasema. "Bila hiyo haviwezi kuzaliana ndani ya kiwavi."

Sasa sisi watu wa mashine, jenereta tunaiita jeni. Niulize? Mimi? Nikasema, "Jeni ninayo, kesho itakuwa hapa!" Binti akacheka, nikadhani ananishukuru.

Asubuhi, kijiji kizima kimekusanyika, nikaja na trekta, jenereta juu ya tela, nikapita juu ya kamba, nikaiwasha, moshi ukafika mpaka nyumbani kwa mchungaji wa kanisa, nikapaza sauti, "Mtaalamu, waya tunachomeka wapi?"

"Mchomekee kiwavi mkiani, Bwana Mashine!" Mama Theresia akajibu, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaona matairi yangu yamesimama wapi, akapiga magoti kuwatafuta viwavi. Wale wagonjwa, dawa yake, walikuwa chini ya matairi.

Nikapiga magoti kwenye tope pamoja naye, tukaokota waliobaki. Kiwavi ukimgusa anapasuka, mwili mzima umekuwa maji, na binti akanieleza taratibu kwamba jeni ni maandishi ya urithi, madogo hata jicho halioni, na hiyo moja ndiyo inayoviwezesha virusi kujinakili mpaka vimjae mdudu. Nikatazama jenereta yangu inavyonguruma bure. Nikaizima.

Tuliokota kopo moja, tukasaga, tukapulizia, likatosha nusu ya shamba la Mama Theresia. Siku chache baadaye, nusu ile viwavi walining'inia kila jani wamekufa, nikasimama mdomo wazi. Nusu ya pili viwavi wazima waliimaliza.

Siku hizi neno nisilolijua nauliza, hata mbele ya watoto.