Uso wa Mizani

Chama chetu cha wakulima wa pamba, nje kidogo ya Mwanza, kilizaliwa kwa hasira: wanunuzi walikuwa wakipima pamba yetu huku wametugeuzia mgongo. Kwa hiyo tulipopata mizani yetu wenyewe, tuliiweka uso wake ukimwelekea mkulima. Mimi niliyekuwa mpimaji niliweka mzigo tu, na mkulima ndiye aliyesoma uzito kwa sauti. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani yake kwenye foleni.

Baada ya Uhuru tulijenga ofisi yenye dirisha. Mizani ikaingizwa ndani, uso ukageuzwa kwetu sisi wa ofisini. Nilipolalamika, wenzangu walicheka: "Ndugu, sasa tunajitawala. Unamwogopa mwizi gani?"

Tangu siku ile nilikula chakula cha mchana peke yangu, juu ya jiwe, nikitazama ziwa. Nilinuna kweli kweli, lakini mizani sikuigeuza.

Msimu uliofuata alikuja mama mmoja na pamba yake. Nilimsomea uzito kupitia dirishani. Alinitazama tu machoni, kwa muda mrefu, vile vile nilivyokuwa nikiwatazama wale wanunuzi.