Mwana wa Bibi Aliyepeleka Pamba Bunda

Vijana wanaoandika riwaya huniuliza kama ni halali kumtia mzazi wako kitabuni. Huwaambia wakae, chai ipo, kwa sababu jibu langu linaanzia mbali kidogo: baba yangu alikuwa mtu wa kubuniwa kabla mimi sijajua kushika kalamu.

Nieleze taratibu. Bibi yangu alizaa mabinti watupu, kisha babu akafariki. Kwa desturi za huku kwetu Mara, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobu. Bibi alimwoa mama yangu kwa jina la mwana ambaye hakuwahi kumzaa. Mimba imetoka wapi, hakuna aliyeuliza. Mume wa mama alikuwa yule mwana. Jina lake ndilo nililoandikishwa nalo shuleni. Alikuwa na kigoda chake uani, na mtu hakikalii.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, si mbali na Butiama, karani alipita nyumba kwa nyumba na daftari.

"Mama, mkuu wa kaya nani?"

Bibi akamtajia mwanawe.

"Yuko wapi?"

"Huyo anakuwaga safarini."

"Atarudi lini?"

"Wewe andika tu, baba. Akirudi atakushukuru."

Karani akaandika. Jina, kigoda na safari, basi, mtu amekamilika. Mpaka leo simjui mwandishi anayeweza kumwingiza mhusika kwa maneno machache kiasi hicho.

Mimi sikuwa na ustadi huo. Nikiwa sekondari Musoma niliandika hadithi yangu ya kwanza ndefu, nikamchukua yeye. Nikampa masharubu, kicheko na mtumbwi. Kisha, kwa kuwa sikujua namna ya kumaliza, nikamzamisha ziwani karibu na Kibara. Nililia nikiandika. Nilipokuja likizo, mwalimu wa kisomo, lile darasa la watu wazima, akasikia kuna hadithi. Akatangaza kwamba Ijumaa nitawasomea wanafunzi wake.

Kwanza niliwasomea Bibi na mama, wamekaa mkekani wakichambua pamba, safi huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Mama aliyapenda masharubu.

"Kumbe nimeolewa na mtu mzuri hivi!"

Nilipofika pale mtumbwi unapinduka, mikono ya Bibi ikasimama.

"Umemuua nani?"

"Ni hadithi tu, Bibi."

"Nimemtunza miaka yote hii, hajaugua hata mafua. Wewe umekaa naye wiki moja, umemuua."

Mama alicheka mpaka akaifunika pamba safi kwa kanga isilowe machozi. Bibi hakucheka. Mdogo wake babu, alinikumbusha, hakuikubali ndoa ile tangu mwanzo. Alisema nyumba isiyo na mwanamume haina haki ya kukaa na ng'ombe. Na siku hizi alikuwa mwanafunzi wa kisomo, benchi la mbele. Akisikia kinywani mwa mjukuu wa nyumba kwamba mwana amekufa, hatauliza kama ni hadithi. Kesho yake atakuja kumrithi mama kama mjane, na ng'ombe nyuma yake.

Sikuwa nimefikiria hayo. Nilikuwa nimefikiria mawimbi.

Basi tukaanza kumfufua. Nikasema ameogelea mpaka ufukweni.

"Mwanangu hajui kuogelea," Bibi akasema.

Nikampeleka migodini.

"Huko watu wanasahauga kwao. Huyu hajasahau."

Bibi akatoa jani kavu kwenye pamba, akalitupa.

"Amepeleka pamba kiwandani Bunda."

"Halafu?"

"Halafu nini? Foleni."

Ijumaa ofisi ya kijiji, ambamo kisomo kilifanyika, ilijaa. Nilisoma: mume anapakia magunia asubuhi, anageuka mara moja kutazama nyumbani, mke anakiingiza kigoda ndani kisilowe na mvua. Mwisho. Mdogo wake babu akanyoosha kidole kama mwanafunzi mwema.

"Sasa huyo mtu atarudi lini?"

Niliangalia karatasi. Ilikuwa imeisha.

Bibi, naye mwanafunzi wa kisomo, alikuwa benchi la nyuma na kibao chake cha kuandikia. Hakuinua hata macho.

"Foleni ya Bunda si unaijua, shemeji? Juzi wewe mwenyewe ulilala huko siku tatu, ukarudi unanuka magunia."

Darasa likapasuka. Mzee akajaribu kununa, akashindwa, akacheka naye. "Kweli," akasema, "ile foleni ni ndefu." Kwa neno hilo alikwisha kukiri mbele ya kijiji kizima: kuna mtu wetu kwenye foleni. Tangu siku hiyo hakuwataja tena ng'ombe.

Ndiyo maana kwenye riwaya zangu daima kuna mtu yuko njiani kwenda Bunda, na wahariri wamechoka kuniuliza kwa nini hafiki. Na ndiyo maana nawaambia vijana: mtie mzazi wako kitabuni, usiogope, ila msomee kwanza, mikono yake ikiwa na kazi. Ikisimama, na wewe simama.

Tukirudi nyumbani Ijumaa ile, mama alinivuta nyuma, Bibi asisikie.

"Masharubu yake umeyabakiza?"

"Nimeyabakiza, mama."

"Vizuri," akasema, akatembea mbele yetu.