Poda ya Mchele wa Kukaanga

Aliyetaka kumpamba bintiye Msambweni mwaka ule wa 1957 alikuwa na njia mbili: ama aende kwa Mwanaima binti Matano, ama ajute. Hayo si maneno yangu, ni yake mwenyewe, na aliyasema mbele za watu bila kupepesa macho.

Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye uso wa kung'aa na mdomo usiojua kurudi nyuma. Duka hakuwa nalo. Vyombo vyake vyote viliingia katika kikapu kimoja cha ukindu: jiwe la kusagia liwa, ule mti wa kunukia, kipande cha bafta, kitambaa chembamba cha kuchungia, chupa ya marashi, na kioo cha mkono kilichoingia ufa pembeni. Kwa vitu hivyo alikuwa amewatoa maarusi kutoka Tiwi hadi Funzi, na hakuna hata mmoja aliyeaibika.

Yeye mwenyewe aliaibika. Alipoolewa walimpaka poda ya dukani, ile nyeupe yenye wekundu kwa mbali, iliyotengenezwa kwa nyuso za watu wengine kabisa. Uso wake ulikuwa wa mafuta tangu utoto. Kabla ya adhuhuri poda ilikwisha kugeuka majivu na jasho limechora mifereji mashavuni, na wifi yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwaka huu tumeoa mzuka!" Ukumbi mzima ukacheka. Naye alicheka, maana bibi arusi afanye nini? Lakini kicheko kile kilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki, na tangu siku hiyo akaanza kusaga, kuchunga na kujaribu, mpaka akajua asilolijua mwenye duka.

Basi, siku tano kabla ya harusi yake, akaja Esha.

Esha alikuwa mjukuu wa Bi Mbeyu, msichana wa miaka kumi na minane, mweusi tii, na uso wake ukiufuta saa tatu, saa nne umekwisha kung'aa tena. Alikuwa akiolewa na Jumbe, kijana wa Funzi aliyelelewa na shangazi yake, Bi Waridi wa Mombasa. Mkononi Esha alishika kopo la poda jipya, lenye picha ya mwanamke wa Kizungu kifunikoni.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa matanga?"

"Bi Waridi ameleta hii. Amesema nipakwe hii siku ya kutolewa mbele ya watu, kwa kuwa yeye hakutoka Mombasa kuja kuonyeshwa masizi. Jana niliijaribu. Nilikuwa kama samaki aliyetiwa unga akisubiri mafuta. Nisipoipaka, watasema tumewadharau. Nikiipaka, nitachekwa ukumbini."

Mwanaima alisikia ule mwiba wa kale ukimchoma palepale. Aliwaka kwa hasira, wala hakuificha.

"Utachekwa na nani, nami ningali hai?" alisema. "Lete kopo. Kaa kitako."

Kazi aliyoianza haikutaka mali nyingi. Alikaanga mchele mkavu chunguni kwa moto mdogo, akageuza na kugeuza mpaka ukawa na rangi ya kahawa, akautwanga na kuuchunga kwa bafta mara tatu, hata ukawa laini kama pumzi. Alikuwa na udongo mwekundu wa milimani Kwale, alioukoroga katika maji, akaachia mchanga utulie, kisha akakausha ule udongo laini uliobaki juu. Alichanganya vifungu vitatu, kila kimoja na udongo wake, kingine kidogo, kingine zaidi. Akamvuta Esha hadi mlangoni kwenye mwanga wa jua, akampaka kila kimoja shingoni, chini ya taya. Taa ya koroboi, alisema, ni mwongo. Kila mtu ni mzuri mbele ya koroboi.

"Sasa nitazame ni kipi kinachopotea," alisema. "Poda inayoonekana si poda, ni chokaa."

Cha tatu kilipotea. Alifurahi, akapaka liwa nyepesi usoni kwanza iwe msingi, kisha ile poda juu yake, akamwambia Esha azunguke uani kidogo. Haikupita nusu saa, uso ulikuwa umefanya madoa, poda imejikusanya puani kama tope.

Mwanaima alishangaa. Hilo lilikuwa halijamtokea kwa miaka mingi. Akampitisha kidole shavuni, akanusa. Nazi.

"Nani anakusinga?"

"Bibi. Kila asubuhi, mwili mzima, na uso pia."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Nani pwani hii asiyejua kwamba bibi arusi husingwa kwa mafuta ya nazi hadi ateleze? Ndivyo Bi Mbeyu alivyosingwa, na mamake, na mama wa mamake. Mwanaima akajitanda leso akaenda kwa Bi Mbeyu jioni ileile, akaamkia vizuri, kisha akasema bila kuzunguka: uso wa Esha usiguswe na tone la mafuta mpaka siku ya kutolewa. Uoshwe kwa maji ya mchele asubuhi na jioni, basi.

Bi Mbeyu akaweka chini kifuu cha mafuta.

"Mwanaima, mimi nimewasinga wanangu sita. Unataka nimkaushe mjukuu wangu kama papa?"

"Msinge kuanzia shingo kwenda chini, mama, mpaka ateleze kitandani. Uso wake unajipaka mafuta wenyewe, Mungu amempa bure. Ukiongeza yako, poda itakaa juu ya nini?"

"Na ikiharibika?"

"Ikiharibika, mimi sitapamba tena. Nitauza mihogo."

Bi Mbeyu alimjua Mwanaima tangu akitambaa, na alijua kwamba hasemi kitu kwa mzaha akiwa amesimama. Akakubali, kwa uchungu, na siku zote nne alimwosha mjukuu wake uso huku akinung'unika.

Siku ya kutolewa ilifika, na joto lake. Mwanaima alianza kazi mapema. Alipaka liwa kwa marashi, akangoja ikauke, akaifuta kidogo kwa kitambaa kikavu, ndipo akagonga poda kwa bafta, kidogo kidogo, wala hakusugua. Mwisho akafungua kopo la Bi Waridi, akachota kiasi cha ncha ya kidole na kuchanganya katika ile yake. Zawadi ya mkwe haitupwi.

Ukumbi ulijaa wanawake peke yao. Esha aliketishwa juu ya kiti, macho chini kama inavyotakiwa, na Bi Waridi akapita mbele na watu wake wa Mombasa. Alikuwa mwanamke mrefu wa heshima zake, lakini usoni alikuwa kijivu, na shingoni mweusi, na mpaka wa rangi hizo mbili ulionekana hata kwa aliyekaa mlangoni. Alimwinamia Esha, akamkagua, akatabasamu.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Poda yangu imemkaa."

Mwanaima angeweza kunyamaza. Kazi ilikwisha, harusi ilikuwa salama, na kimya hakina gharama. Lakini nimekwisha kuwaambia habari za mdomo wake.

"Yako imo, dada," alisema. "Imo kama chumvi katika wali. Wali wenyewe ni rangi yake mtoto."

Watu wakaacha kujipepea. Bi Waridi akatoa leso nyeupe ya mkononi, akaiweka kwenye shavu la bibi arusi na kulifuta kwa nguvu, mbele ya wote. Esha hakuinua macho. Mwanaima alijua kwamba hapo ndipo penye mihogo.

Leso ilitoka na rangi ya kahawa. Bi Waridi akaitazama leso, akalitazama shavu. Palipofutwa na pasipofutwa hapakujulikana. Ulikuwa uso mmoja, mweusi, mkavu, mwororo, uso wa Esha.

Aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa Bi Mbeyu, na baada yake hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake.

Asubuhi ya pili Mwanaima alikuwa uani akipepeta mchele aliposikia hodi. Ni Bi Waridi, peke yake, uso umeoshwa na kopo lingine la poda mkononi, nusu limekwisha. Mwanaima alimkaribisha, akampa kigoda, wala hakumuuliza kitu. Mtu akija kwako na uso mtupu, amekwisha kusema.

"Hii nimeipaka tangu niolewe," Bi Waridi alisema. "Miaka ishirini na miwili."

"Leo umepaka mafuta?"

"Sikupaka. Nilisikia masharti yako."

Mwanaima akamvuta mlangoni penye jua, akamjaribia chini ya taya. Kile kifungu cha tatu, cha Esha, ndicho kilichopotea. Akampaka liwa, akangoja, akagonga poda taratibu, kisha akampa kile kioo chenye ufa.

Bi Waridi alijitazama. Akakisogeza kioo mbali, akakirudisha karibu, akagusa shavu lake.

"Huyu ni mama yangu," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Huyu ni mama yangu hasa. Nami nimemwita masizi."

Machozi yakamjaa. Mwanaima, ambaye naye yalikuwa yakimlenga, alimshika kidevu akamwinua uso.

"Usilie kwanza, dada," alimwambia. "Ngoja poda ikae."