Susu Alivyofunga Ndio Apite Kipimo

Siku Susu, nyanya yangu, alikanyaga kaa la moto jikoni, mimi ndiye nilisikia harufu. Yeye hakusikia kitu.

"Susu, mguu!"

Akaangalia chini kama ni mguu wa jirani.

Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa miezi, na ganzi ikitoka inachoma kama pilipili. Yeye ni fundi wa nguo hapa Tawa, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Akiacha kushona, atashinda nyumbani akinisimamia mimi. Kwa hivyo nilikuwa na haraka ya kujua ganzi inatoka wapi.

Daktari alisema ganzi huletwa na vitu vingi: sukari, pombe, dawa zingine, kukosa vitamini. Nikaanza na pombe.

"Mimi, mama wa kanisa?"

"Ni daktari ameuliza, si mimi."

"Mwambie yeye ndiye amelewa."

Pombe ikatoka. Dawa hamezi. Sukari nayo ilikuwa imepimwa mara mbili ikawa sawa, na huyu mtu chai yake ni vijiko vitano! Nikakwama.

Halafu, siku mbili kabla ya kliniki, nikaona muthokoi wake, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, unapoa kwa sahani.

"Huli?"

"Nafunga."

"Kanisa limetangaza maombi?"

"Nafunga peke yangu."

Nikakumbuka kliniki iliyopita alifunga, na ile ingine pia. Wamama wa kanisa hufunga ndio watoto wapite mtihani. Susu alikuwa anafunga ndio sukari ipite.

"Susu, hiyo ni kuiba mtihani!"

Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kisha akakiokota, akakifunga tena. "Yule mama tulikuwa tunashona na yeye, waliona sukari, wakamkata mguu."

Kliniki nikasema yote, yeye akinikanyaga na ule mguu ambao haukuungua. Daktari akatoa damu. "Kipimo hiki kinaangalia miezi mitatu, Susu. Hakijali umefunga."

Sukari ilikuwa juu. Susu akauliza kitu kimoja tu: "Nitashona?"

"Utashona, ukimeza dawa na ukivaa viatu hata jikoni. Na kwa sababu husikii kidonda, lazima mtu aangalie miguu kila siku, hadi katikati ya vidole. Nani ataangalia?"

Susu akanionyesha kwa mdomo. "Huyu. Si anapenda kuchunguza watu?"

Sasa kila asubuhi, kabla sijaoga, nimepiga magoti na yeye anachezesha vidole mbele ya pua yangu.

"Angalia vizuri, daktari. Huko nyuma hujafika."