Nilimeza Dawa ya Mukwe Wangu

Makosa ni yangu. Haina ya munganga, haina ya binti yangu. Ni yangu miye, mama muzima, mwenye wajukuu saba, mwenye kujisifu mu cité, mu mitaa yote, kama anajua adabu!

Bwana ya binti yangu alianguka toka juu ya kamyo kwenye njia ya Kasomeno, akapiga kichwa. Mu hospitali macho ilikuwa wazi, lakini hasemi. Jasho inatoka, moyo inakimbia kama muntu anafukuzwa na imbwa. Bandugu yake beko mbali, kaskazini. Binti yangu iko na mutoto muchanga. Basi muchana nikamulinda miye.

Infirmière, muuguzi kijana, akaniwekea vidonge mu mukono. "Citoyenne, umusagie mu uji, umupe na kijiko. Ni dawa ya moyo."

Nikamucheka. "We mutoto! Kichwa njo iliumia. Moyo iko muzima!"

"Mama, kichwa ikiumia inachapa moyo fimbo. Na moyo ikikimbia hivi, inarudia kumaliza kichwa. Hii dawa inaituliza. Umupe tu."

"Nimesikia."

Nimesikia nini! Kwetu mama mukwe hatie kijiko mu kinywa ya mukwe wake. Hata kumuangalia akilala ni haya. Ningemuambia tu ule infirmière: "Mwanangu, huyu ni bukwe, ni mukwe wa kuonea haya, umupe weye." Neno moja! Lakini kiburi! Nilitaka aone mama anayejua kazi.

Na miye, tangu ile ajali, moyo yangu pia ilikuwa inaruka. Nikageukia ukuta, nikameza vile vidonge miye mwenyewe. Siku tatu nilimeza! Na nilijisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Docteur akapita. "Mama, anameza dawa?"

"Yote, docteur."

Akashika mukono ya mukwe wangu, akahesabu moyo, akakunja uso. "Basi haitoshi. Tuzidishe mara mbili."

Nikamuangalia akiandika.

Siku ya ine binti yangu akaja mwenyewe. Akamulisha bwana yake vile vidonge vyote vya mara mbili, polepole, anamubembeleza kama mutoto. Miye niko mulangoni. Nilijua ni mara ya kwanza mukwe wangu anaonja ile dawa. Sikusema!

Saa sita haijafika, moyo ikapoa kupita kiasi. Mikono baridi kama jiwe ya mutoni. Baganga bakakimbia, bakamurudisha, lakini damu ilikuwa imekosa kufika mu kichwa. Hakufa. Anakaa tu mu kiti, hajui majina ya batoto yake.

Binti yangu anasemaka: "Mama, ni huu mukono yangu njo iliharibu bwana yangu."

Namujibu: "Nyamaza, ni Mungu alipenda." Mungu! Hata Mungu namusingizia!

Naandika hapa kwa sababu yeye hasomaki gazeti. Ndiyo, niko mwoga hivyo.

Bamama benzangu, bukwe ikikushinda, ita mwingine. Na kama hukumupa mugonjwa dawa, sema hukumupa, hata bakucheke, hata bakutukane! Munganga haonaki mu tumbo ya mugonjwa. Anapimaka dawa kwa kufuata neno yako.