Koti la Kulishia

Ambros Netzer alikuwa na makoti mawili, na bonde zima lilijua tofauti yake. La kijani alilivaa akibeba bunduki. La kijivu, la sufi nzito, lililochakaa viwiko, alilivaa akibeba nyasi kavu. Hayakuwahi kutundikwa mahali pamoja. La kijivu lilikaa ghalani, juu ya nyasi zenyewe, na mkewe Kreszenz alikatazwa kulifua tangu mwaka wa harusi yao.

"Linanuka kuliko beberu," Kreszenz alimwambia kila vuli.

"Halikunukii wewe."

"Najua. Ni la mke mwenzangu huko mlimani. Hajambo lakini?"

"Hajambo. Amezeeka, kama wewe."

"Basi mwambie mimi meno bado ninayo."

Huyo mke mwenza alikuwa kulungu jike, mkubwa, mwenye sikio moja lililopasuka. Ambros alimwita Shangazi, kwa sababu alimtazama mtu kama shangazi amtazamavyo mgeni aliyefika saa ya chakula bila taarifa. Madume na pembe zao za matawi ndio wanaosifiwa na kutundikwa ukutani, lakini kundi haliendi anakotaka dume. Linamfuata jike mzee mwenye ndama. Zamani, theluji ya kwanza ikianguka, kulungu wa milima ile walishuka mpaka nyanda za chini, kando ya mto mkubwa. Kisha zikaja reli, barabara na hoteli, njia ikaziba. Tangu hapo wenye misitu ya kuwindia wakawa wanaajiri mtu kama Ambros: wakati wa vuli apunguze kundi kwa risasi, wakati wa baridi alilishe lililobaki. Kazi moja, makoti mawili.

Majira ya baridi aligonga ndoo kwa fimbo mlangoni mwa ghala, na Shangazi akatokea kwa njia ileile, akilikwepa genge ambako theluji huporomoka, ndama ubavuni, wenzake nyuma kwa mstari. Alisimama ukingoni mwa miti, akanusa, akalipata lile koti, akaingia. Wengine hawakunusa kitu. Yeye akishanusa, imetosha.

Wawindaji wa kule wana lugha yao ndani ya lugha. Macho ya mnyama huitwa taa, masikio huitwa wasikilizaji. Damu huitwa jasho, na mwindaji akiteleza akaitaja damu kwa jina lake, huwanunulia wote waliopo mezani kinywaji. Ambros aliipata lugha hiyo kwa baba yake kabla hajafundishwa kulenga. Hata alipojikata kidole kwa kisu cha mkate, alimwambia mkewe lete kitambaa, natoka jasho. Hakuna aliyewahi kunywa kwa kosa lake.

Shemeji yake Fidel, kaka yake Kreszenz, aliingia siku moja wakila tambi za jibini. Hakuvua buti.

"Kaa ule, kaka," Kreszenz alisema.

"Sili. Zizi langu tupu. Watu wa serikali wamewachukua ng'ombe wote asubuhi, wakachinjwe. Kifua kikuu."

"Wote?"

"Hata Alma, na mimba yake." Alimgeukia Ambros. "Huyo Shangazi wako, shemeji. Wewe unambembeleza kwa nyasi huku, kiangazi kizima yeye na wanawe wanakohoa kwenye malisho yangu."

"Hakuna ajuaye nani alimwambukiza nani."

"Mimi ninajua zizi lipi limenyamaza."

Ambros alishusha uma. Alikuwa ameshakisikia kikohozi. Ndama wa Shangazi alikohoa tangu Krismasi, na yeye alijiambia ni vumbi la nyasi.

Amri ya daktari wa mifugo ilifika wiki hiyo hiyo: kundi lipunguzwe, wagonjwa kwanza, palepale penye malisho, maana baridi ikiisha wangetawanyika na ugonjwa wao. Mwenye msitu, mama mmoja wa mjini aliyeirithi milima ile kwa mumewe, alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

"Bwana Netzer, serikali ina watu wake wa kupiga risasi. Au upige wewe. Sikulazimishi."

Ambros aliwaona hao watu katika mawazo yake, hodari labda, lakini wageni. Kulungu wangeruka kwa harufu ya kwanza, wangepigwa matumbo na miguu, wangepanda kwenye theluji ya kiunoni na kufia huko kidogo kidogo.

"Nitapiga mimi," alisema.

Kreszenz alingoja akate simu. "Kwa koti lipi?"



Bunduki aliificha ndani ya nyasi siku moja kabla. Asubuhi alivaa la kijivu, akagonga ndoo. Shangazi alisimama ukingoni, akanusa, akaingia na kundi lake. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili. Siku ile aliyekuwa nguoni ni Ambros.

Kanuni ya kazi ile ni ya zamani na haina huruma ya juujuu: ndama kwanza, kisha mama yake papo hapo, asibaki mmoja wa kumlilia mwenzake. Ambros aliifuata. Bunduki ilikuwa na kiziba sauti, ikatoa mlio kama ubao unaoanguka. Waliobaki walikimbia mpaka kwenye miti. Halafu wakageuka, wakamwona mwenye koti amesimama mlangoni mwa ghala, wakarudi. Hilo hakulitarajia. Katika hofu yao walikimbilia kwake.

Alipomfikia yule ndama aliyekohoa, alimpiga vizuri, akaanguka bila kutikisa mguu. Shangazi alimnusa mwanawe, kisha akainua kichwa. Ilikuwa zamu yake. Kanuni bado aliijua. Ambros alishusha bunduki, akajiambia kundi litahitaji wa kuliongoza.

Mchana Fidel alipanda na trekta kuwashusha wanyama, bila kuitwa. Hakuwa mwindaji, lakini aliona Ambros anavunja vijiti vya msonobari na kumwekea kila mnyama kimoja kinywani, tonge la mwisho, kama ilivyo desturi. Akavunja na yeye, akapiga magoti kwa yule ndama.

"Hivi?"

"Kipitishe kinywani, shemeji. Kama vile anatafuna."

Fidel alikipitisha. Hakuna aliyezungumzia ng'ombe.

Nyumbani Ambros alilivua koti jikoni, mahali ambapo halijawahi kuingia.

"Zenz, lifue."

"Lina nini?"

"Lina damu."

Kreszenz alimtazama. Mzaha ulimfika mdomoni, kuhusu vinywaji na nani alipe, akaumeza. Alilipokea koti kwa mikono miwili.

Kosa la Ambros lilijulikana vuli iliyofuata. Jike asiye na ndama hana cheo mbele ya wenzake. Hata angekuwa anazijua njia zote za mlimani, hawamfuati. Kila mwindaji wa kule analijua hilo. Ambros alilijua akiwa mtoto, na dakika ile akataka lisiwe kweli. Waliobaki walimfuata jike mdogo mwenye ndama, asiyelijua genge wala ghala, wakavuka hadi msitu wa jirani, wakamenya magome ya miti michanga kwa njaa, na huko wakapigwa mmoja mmoja.

Theluji ilipoanguka, Ambros alivaa la kijivu, safi, akagonga ndoo. Hakuja mnyama. Aliendelea kugonga kila siku, na Kreszenz aliacha kumuuliza. Alasiri moja Shangazi alitokea kwa njia ileile, peke yake, mbavu zinahesabika. Alisimama ukingoni, akanusa, akanusa tena. Shangazi aligeuka akarudi mitini.

Jioni Kreszenz alimkuta ghalani, anabingirika kwenye nyasi na koti lake, mzee mzima.

"Baba, umeanguka?"

"Ni sabuni. Hanijui kwa sababu ya sabuni."

Kreszenz aliketi karibu naye, akaanza kumtoa majani kwenye nywele. "Ningalikataa kulifua," alisema. "Mara ile moja uliyoniamuru, ningalikataa."

Usiku ule koti lililala ndani ya nyasi. Kesho yake Ambros alitandaza malisho, akalitundika koti mlangoni mwa ghala, akashuka nyumbani kwa shati katika baridi ile. Asubuhi iliyofuata walipanda pamoja. Nyasi zilikuwa zimeliwa. Ambros aliinama kuzisoma nyayo, za mnyama mmoja, mzee, anayeburuta kwato. Zilitoka mitini moja kwa moja, kisha, zilipolikaribia koti, zikapinda, zikazunguka mbali nyuma ya ghala, zikayafikia malisho kwa upande mwingine.

Aliinuka. Kisha akalitungua koti, akalikunja, akampa mkewe.

"Haikuwa sabuni, Zenz," alisema.