Harusi Iliyosubiri Gari

Nakumbuka siku Shangazi Skola alipoingiza kichwa kwenye dirisha la hilo gari unalolipiga picha, mwanangu, akatazama ndani bila haraka, akanyanyuka, akauliza swali ambalo hakuna fundi aliyekuwa amelifikiria. Nitalifikia. Kwanza weka simu mfukoni, ukae. Tangu asubuhi wewe na wenzako mliotoka Mbeya mnazunguka uani kwangu, mnapima, mnagonga bodi, mnafukuza kuku wanaotaga mle ndani. Nilipokuuliza mnataka kulifanya nini ukanijibu, "Bibi, tunalirudisha kama zamani. Tutabadilisha vitu vidogo tu, hata hutaona tofauti." Nilitaka kukutupia mwiko. Maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa msichana, kutoka kwa mwanamume ambaye sasa hivi yuko chumbani anajifanya amelala.

Babu yako Gaudensi alikuwa fundi kwenye karakana ya serikali hapo Sumbawanga mjini, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa binti wa kijiji cha Mollo, nalima maharage na ulezi kwa wazazi wangu na zamu yangu kwenye shamba la kijiji. Tulikuwa tumechumbiana, mahari imepokelewa, na padre ameanza kututangaza kanisani. Kilichobaki ni harusi tu. Halafu likaja hilo gari.

Lilikuwa la Mtaliano mmoja mpima barabara, tulimwita Bwana Renzo. Alikuja nalo akipitia Zambia, na sijui nani alimdanganya kwamba huku kwetu Ufipa kuna barabara ya gari la mbio. Lilikuwa jekundu, zuri, limelala chini kiasi kwamba kuku akipita mbele dereva haoni ila manyoya. Kabla hajafika mjini jiwe lilishapasua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na injini ikafa. Likakokotwa mpaka nyuma ya karakana, likanyeshewa masika yote. Mkataba wake ulipokwisha, Bwana Renzo alimkabidhi Gaudensi funguo na kadi ya gari, kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa akilipangusa. Wenzake walicheka. Na mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha.

Jioni ileile Gaudensi akaja Mollo, akasimama mbele ya mama yangu, akasema atanipeleka kanisani kwa gari lile. Mama alifurahi, usiniulize. Wakati huo bibi harusi alikwenda kwa miguu, na mwenye bahati alipandishwa kwenye trela la trekta la kijiji pamoja na ngoma na masufuria. Leo mtoto wake aende kwa gari jekundu la Ulaya! Majirani wote walijua kabla ugali haujaiva.

Alilifufua kweli, sitamnyima haki yake. Vipuri havikuwepo hata vya malori ya serikali, sembuse vya gari la Kitaliano. Sampu aliiziba kwa bati nene la pipa. Bodi aliinyoosha kwa nyundo ya mti, taratibu, mpaka ukipitisha kiganja hukuti bonde. Injini ilipowaka mara ya kwanza nilikuwa nimesimama pale pale. Ilinguruma vizuri jamani, na mimi nikatokwa na machozi, nikijua sasa tumemaliza.

Kumbe ndiyo kwanza tumeanza. Gaudensi akasema gari liko chini mno kwa njia zetu, lazima alinyanyue kwa springi za lori kuukuu, lakini kwa ufundi, mtu akilitazama aone lilivyotoka kwao. "Nabadilisha kidogo tu, Yustina. Hata hutaona tofauti." Harusi ikasogezwa. Mama alikuwa ameshapika pombe ya ulezi, ikanywewa na majirani waliokuja kutupa pole kama tumefiwa. Shangazi Skola, dada wa baba, ndiye aliyekuwa wa kunisindikiza, naye alikuwa ameshapanda kutoka Wampembe, kule Ziwa Tanganyika, amekaa juu ya lori siku nzima na kapu la samaki, migebuka mikavu ya harusi. Akatuachia migebuka, akashuka tena ziwani.

Tukapanga upya. Mama akaloweka ulezi upya. Gaudensi akagundua kwamba vumbi letu litaua injini, akaanza kuunda chujio la hewa. Alipomaliza chujio akakumbuka kijito cha kabla ya kanisa, akalipandisha bomba la moshi lisinywe maji, akalificha vizuri kabisa. Mjumbe wa nyumba kumi alipita akauliza kama hilo ni gari la mjamaa au la bepari, Gaudensi akamjibu kwamba limetaifishwa kutoka Italia, na mjumbe akaondoka akitikisa kichwa. Watu walicheka mji mzima. Mimi sikucheka. Wasichana niliofundwa nao walikuwa wanabeba watoto mgongoni, na kila nikienda kisimani naulizwa, "Vipi, gari limefikia wapi?" Hakuna aliyeuliza harusi imefikia wapi. Hata padre aliniuliza kama atutangaze tena sisi, au alitangaze kwanza gari.

Siku moja nikamfuata karakana. Nikamwambia, "Gaudensi, kama kweli sitaona tofauti, mimi nasubiri nini?"

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Akasema sielewi. Akaniambia anafanya yote haya kwa ajili yangu. Mwanangu, hapo ndipo mtu anaweza kupasuka. Mimi sikuwahi kumwomba gari. Sikuwahi kumwomba hata baiskeli. Nilitaka kuolewa, nikae na mtu wangu, basi. Ningemwambia hivyo nikiwa nimetulia pengine angesikia, lakini nilimwambia kwa kufoka mbele ya mafundi wenzake, naye akarudi chini ya gari. Harusi ikasogezwa tena. Nikarudi Mollo nikamwambia baba kwamba nikipigwa tarehe tena, mahari irudishwe. Usiku nilimsikia baba akiongea na mama kwa sauti ya chini, na mama analia.

Ndipo Shangazi Skola akapanda mara nyingine. Safari hii alisema hashuki kabla hajaliona gari lenyewe. Tukaenda naye mjini. Gaudensi alikuwa amelipaka rangi, linang'aa, na mafundi wamejipanga kama wanampokea mkuu wa mkoa. Akamwonyesha springi, akamwonyesha chujio, akapiga magoti kumwonyesha bomba la moshi. Shangazi alikuwa anaitikia tu, "Ehee. Ehee baba." Halafu ndipo akaingiza kichwa dirishani.

"Kazi nzuri sana, baba," akasema. "Wewe unaendesha, umekaa hapa. Bibi harusi amekaa hapa. Na mimi nakaa wapi?"

Gari lina viti viwili, mwanangu. Viwili tu. Na kwetu binti hatoki nyumbani kwao kwenda kuolewa akiwa peke yake na mwanamume, hata kama huyo ndiye anayemwoa. Shangazi hukaa naye ubavuni mpaka mlango wa kanisa. Hilo kila mtu Ufipa anajua. Mafundi walijua, na Gaudensi alijua, dada zake wawili walishaolewa hivyo hivyo. Miezi yote ile alikuwa anafikiria matope, vumbi, mawe na maji. Watu hakuwafikiria.

Gaudensi akainama, akatazama ndani ya gari. Halafu, amini usiamini, akakuna kichwa akasema, "Shangazi, nipeni wiki chache. Nyuma ya viti pana nafasi ndogo, naweza kubadilisha kidogo tu..."

"Hata sitaona tofauti," nikammalizia.

Shangazi Skola hakupandisha sauti. Watu wa ziwani hupiga kelele wakifurahi, wakikasirika hunong'ona. Akasema, "Baba, gari hili umelitengeneza kwa ajili ya gari. Huyu mtoto hukumuuliza. Mimi hukuniuliza. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekuambia tuna trekta, na leo ungekuwa umeshika mtoto badala ya spana. Jumamosi sisi tutakuwa kanisani. Wewe njoo unavyoweza." Akanishika mkono tukaondoka. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama atakuja.

Ijumaa usiku mvua ikanyesha. Asubuhi Mzee Lukasi, dereva wa trekta la kijiji, akatupakia kwenye trela, mimi na Shangazi kwenye viti, wanawake wamesimama na ngoma, mama na mapipa yake ya pombe ambayo mara hii haikuchacha. Baridi inauma na upepo unapeperusha shela. Tunateremka kwenye kile kijito kabla ya kanisa, na nani yuko pale? Gari jekundu limezama kwenye matope mpaka milangoni. Babu yako amesimama pembeni na suti yake, suruali ameikunja mpaka magotini. Alikuwa ametaka yeye angalau afike nalo.

Ngoma zikanyamaza. Mzee Lukasi akapunguza mwendo, akageuka, akauliza, "Tumvute au tumpite?"

Trela zima likanitazama mimi. Isipokuwa Shangazi. Hakunisaidia, alikuwa anatazama milima.

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa makusudi, mwanangu, muda mrefu. Nilitaka na yeye aonje kukaa pale hajui kama anaoa au haoi. Nikamwona anavyonitazama, matope mpaka kifuani, hana cha kusema kuhusu springi wala bomba. Akasema kwa sauti ndogo, "Yustina, nisamehe." Nilikuwa nimesubiri neno hilo kuliko nilivyosubiri gari.

"Mfungeni," nikasema.

Wakafunga mnyororo. Basi ndivyo babu yako alivyofika kanisani, amekaa kwenye gari lake la Kitaliano, ameshika usukani, anavutwa na trekta la bibi harusi. Vigelegele vilisikika mpaka mjini. Padre alitusubiri mlangoni akiwa ameziba mdomo kwa kitabu cha misa. Gari tukalitumia baada ya hapo, siwezi kusema uongo, lilitembea mpaka petroli ikawa ya kutafuta kwa kibali, ndipo kuku wangu wakalirithi.

Sasa nisikilize. Juzi mchumba wako Anitha alinipigia simu. Hakulalamika, ana adabu yule binti. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza habari za miguu yangu, halafu akauliza, "Bibi, gari limefikia wapi?"  Mmeshasogeza harusi mara mbili, mwanangu, eti mpaka gari la babu litengemae mwingie nalo kanisani. Umemuuliza kama analitaka? Umemwona shangazi yake ukamuuliza atakaa wapi?

Gari nakupa. Lichukue, kuku nitawatafutia banda. Lakini kabla hujafungua hata boliti moja, kamuulize yule unayesema unamfanyia. Muulize anataka nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama jibu lake ni dogo na haliguswi na spana. Usimpe mtu zawadi ambayo hakuiomba kisha ukamfanya yeye ndiye wa kuisubiri. Na ukiona kitu kimetosha, kiache kimetosha. Kwanza oa. Gari utalichezea ukiwa na mke wa kukuletea chai uani, na utajua mwenyewe siku atakapochoka kuileta.

Nenda nje ukampigie, mtandao ni mzuri pale kwenye mti wa mkaratusi. Mungu akulinde wewe na Anitha, awape nyumba yenye vicheko na ulezi wa kutosha. Akupe mikono ya babu yako, mwanangu, na akupe mapema yale masikio ambayo yeye aliyapata kwenye matope.

Umesikia? Ameitikia "Amina" huko chumbani. Nilikuambia hajalala.